Twiga wa Miguu Mitatu Kwenye Zege

SEHEMU YA TANO

Kama wiki iliyopita gazeti lako lilifungiwa maandazi kabla hujalisoma, pole. Nitakukumbusha dhambi zangu kwa ufupi, maana ni nyingi na ukurasa ni huu mmoja.

Mimi ni Eufrasia, binti wa miaka kumi na sita, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya masista. Huko shuleni Mungu alinijalia kipaji kimoja tu: kuchonga mihuri kwa wembe kwenye kisigino cha ndala. Muhuri wangu wa ruhusa ulishawatoa wasichana wanane kwenda sokoni, na wote walirudi salama wakiwa na karanga na shukrani.

Januari ya mwaka tisini na nane, mvua za El Nino zikiwa bado zinabomoa madaraja, nilimwandikia babu yangu ombi la kwenda Bodi ya makandarasi, asajiliwe kuwa mkandarasi wa daraja la saba. Lilikuwa ombi la kweli, lenye stempu ya kweli. Babu yangu ni Bundala Shigela, nasi kwa Kisukuma humwita Guku. Zamani Guku alimwaga zege la serikali kwa mshahara wa serikali. Kampuni yao ya umma ilipobinafsishwa wakampunguza kazini, wakamwambia kuwa siku hizi kazi ni za zabuni, na zabuni ni za wenye cheti.

Jibu halikuja. Kila Jumanne Guku aliendesha baiskeli hadi posta Bariadi, akarudi na vumbi.

Karibu na Pasaka nikaamua kumfanyia utani, kama mjukuu anavyoruhusiwa kumfanyia babu yake. Nikampigia cheti kwa taipureta ya shule. Jina lake nikaliandika kwa mwandiko wangu wa kujipinda. Chini nikagonga muhuri wa twiga, kipande cha mraba nilichokikata kwenye kisigino cha ndala yangu ya kulia. Wembe ulikuwa umeteleza wakati wa kuchonga, kwa hiyo twiga alikuwa na miguu mitatu. Nikakitia posta pamoja na barua ya Bodi niliyoibuni mwenyewe, nikasubiri kucheka.

Kabla sijacheka, Guku alikuwa ameshachinja mbuzi na kuita majirani. Nikanyamaza. Kisha kamati ya wafugaji wa kijiji kimoja karibu na Nkololo ikakiona cheti ukutani, ikampa Guku kazi ya kuwajengea josho la kuogeshea ng'ombe. Nikazidi kunyamaza.

Mara ya mwisho niliwaacha pale gari jeupe liliposimama kwenye josho. Ilikuwa mwezi wa sita, mimi nikiwa likizo. Akashuka mwanamume mwenye faili kwapani, akauliza:

"Bundala Shigela ndiye nani?"

* * *

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji. Ndoo ikaanza kutetemeka, na mimi nikatetemeka nayo ili isione aibu.

"Ndiye mimi," Guku akajibu, akipangusa mikono kwenye suruali. "Mwadila, mheshimiwa."

Mgeni akawa hajui aitikie nini. Dastan, kibarua wetu mwenye mdomo mrefu kuliko mpini wa chepe lake, akamsaidia.

"Na wewe sema mwadila, bosi. Salamu haitozwi kodi."

"Mwadila," akasema mgeni. "Naitwa Constantine. Ni mkaguzi. Natoka kwenye Bodi ya makandarasi."

Nilijua siku hii ingekuja. Nilishaiota mara tatu, na katika ndoto zote mkaguzi alikuwa na mbwa. Huyu hakuwa na mbwa. Alikuwa na sauti ya upole, na hilo likanitisha zaidi.

Guku akavua kofia. "Bodi! Bodi yenyewe imefika kwetu! Dastan, mpe mgeni kiti."

"Kiti hakuna, mzee. Kuna karai."

"Basi geuza karai."

Constantine akakaa juu ya karai lililogeuzwa, akafungua faili magotini.

"Mzee, ombi lako tulilipata mwezi wa pili. Utuwie radhi kwa kuchelewa, barabara zilikatika. Nimekuja kukagua kazi yako, kisha nitaandika pendekezo langu."

Msomaji, rudi nyuma usome neno la mwisho. Pendekezo. Mtu hapendekezwi kupewa kitu ambacho tayari amepewa.

Hakuja kwa sababu ya cheti changu. Wala hakujua kama kipo. Alikuja kwa sababu ya lile ombi la kweli, lenye stempu ya kweli. Guku alikuwa amebakiza hatua moja tu apate cheti halisi, na mlangoni alikuwa amesimama twiga wangu.

Lakini Guku hakuona ajabu yoyote. Serikali aliyoijua yeye ilikupa kazi kwanza, ikaja kukukagua baadaye.

"Kagua, baba, kagua," akasema. "Mfanyakazi asiyekaguliwa huota kutu."

"Siku hizi lazima tufike wenyewe," Constantine akasema. "Jana nilikuwa Maswa. Kuna mtu amejitengenezea cheti."

"Amejitengenezea?" Guku akashika kiuno. "Kama mtu anavyojitengenezea kinu?"

"Hivyo hivyo."

"Mkamfanya nini?"

"Yuko mahabusu. Na jina lake halitasajiliwa tena maisha yake yote."

"Mmefanya vizuri. Mtu wa namna hiyo atawamwagia watu zege la majivu. Au siyo, Eufrasia?"

"Ni kweli, Guku," nikasema. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kifaranga aliyeanguka kisimani.

Guku akanitazama miguuni. "Na hizo ndala zako utazitupa lini? Mgeni ataona panya wetu wanakula hadi viatu." Akamgeukia Constantine. "Hebu ona, kisigino cha kulia kina shimo la mraba. Panya wa siku hizi nao ni mafundi seremala."

Constantine akacheka. Mimi nikaficha mguu wa kulia nyuma ya ule wa kushoto, nikasimama kama korongo.

Ndipo Guku akamwita Dastan pembeni. Akamnong'oneza, lakini kunong'ona kwa mtu aliyekaa miaka thelathini karibu na mashine ya zege husikika hadi ng'ambo ya mto.

"Chukua baiskeli. Nenda nyumbani ukamwambie bibi akupe kile cha ukutani. Kifunge kwenye khanga kisiingie vumbi. Nataka mgeni afurahi."

Kwenda na kurudi ni saa moja, na Dastan akiahidiwa uji hufanya nusu saa.

"Niende mimi, Guku!" Nilikuwa nimeshaishika baiskeli. "Mimi ndiye mwenye mbio."

"Ngoja, binti," Constantine akasema.

Nikangoja. Hata moyo ulingoja.

"Ombi hili aliliandika nani? Mwandiko huu wa kujipinda?"

"Huyo huyo!" Guku akajigamba. "Mjukuu wangu. Masista wamempinda mkono, sasa herufi zake zinacheza ngoma."

"Mwandiko mzuri sana. Hauwezi kusahaulika. Kaa hapa, utaniandikia majibu ya mzee."

Dastan akaipanda baiskeli na kuondoka akipiga mluzi. Nilimtazama mgongoni mpaka mtama ukammeza.

* * *

Hofu yangu ya kwanza ilikuwa inakwenda kwa baiskeli. Ya pili ilikuwa imelala chini ya magunia, hatua ishirini kutoka pale tulipokaa.

Josho, kwa wasiofuga, ni mtaro mrefu wa zege uliojaa maji ya dawa. Ng'ombe hurukia upande mmoja, akaogelea, akapanda ngazi za upande wa pili akiwa amekasirika na hana kupe. Ngazi ya juu kabisa ndiyo tuliyoimaliza Alhamisi iliyopita.

Mafundi wa umri wa Guku wana desturi yao. Zege likiwa bichi, huandika tarehe kwa ncha ya mwiko. Hiyo ndiyo sahihi yao. Siku ile Guku alipomaliza kuandika tarehe, alisimama akaitazama kazi, akasema:

"Cheti kina muhuri. Kazi haina. Eufrasia, nichoree yule twiga wa Bodi hapa pembeni, kwa msumari."

Kisha akaenda kuosha vifaa.

Ningeweza kuchora kwa msumari. Ningeweza kuchora mbuzi. Lakini kile kipande cha ndala kilikuwa mfukoni mwa sketi yangu, kwa sababu niliogopa kukiacha nyumbani, na mkono wangu haujawahi kupewa nafasi ya ujinga ukaikataa. Nikainama. Nikagandamiza.

Guku aliporudi alipiga makofi. "Huyu mtoto! Hata mguu wa nne amesahau vilevile kama wao!"

Tukafunika kwa magunia ya katani. Tangu siku hiyo kazi yangu ilikuwa kuyamwagilia maji asubuhi, mchana na jioni. Msomaji, mimi mwenyewe nilimnywesha twiga maji kwa siku saba ili awe mgumu.

* * *

Constantine alikuwa na nyundo ndogo. Akagonga ukuta wa josho. Kong. Kong. Akaweka sikio kama daktari.

"Vipimo vyako, mzee?"

"Saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Na mchanga nauosha kwanza. Wa mto wetu una udongo, ukiumwaga hivyo hivyo josho litalia machozi."

"Siku ya kumwaga mlianza saa ngapi?"

"Alfajiri, saa kumi na moja. Zege halilali, mheshimiwa. Waliotaka kulala niliwaambia walale jana yake."

"Na haya magunia ya nini?"

Guku akamtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa kwa nini mtoto hunyonya. "Jua la mwezi wa sita linalinyang'anya zege maji likiwa bado changa. Siku saba lazima linyonye. Mama yake ni huyu hapa mwenye ndoo."

Niliandika majibu hayo yote. Herufi zangu zilianza kupinda upande usio wao. Nikaona Constantine akiweka alama kwa penseli kwenye fomu yake, moja baada ya nyingine, zote nzuri. Chini kabisa palikuwa na mstari mtupu: Pendekezo la Mkaguzi.

"Nimezunguka wilaya tatu," akasema taratibu. "Wengi wana magari na mashine. Hawajui kwa nini zege humwagiliwa maji. Mzee, ngoja nione kokoto zako, halafu nimalizie na ngazi."

Wakaenda kwenye lundo la kokoto. Mimi nikachukua tindo na nyundo.

Nilifunua pembe ya gunia. Twiga alikuwepo, ukubwa wa mdomo wa kikombe, amenyoosha shingo. Nikaweka tindo kwenye pua yake, nikapiga.

Tindo ikaruka. Nikapiga tena, nikajipiga kidole gumba. Mara ya tatu cheche ikatoka. Twiga hakupoteza hata sikio. Zege la Guku la siku saba lilikuwa gumu kuliko moyo wa matroni wetu siku ya ukaguzi wa masanduku.

Kwa mara ya kwanza maishani niliomba babu yangu awe fundi mbaya.

"Na ngazi ni hizi," sauti ya Guku ikasema nyuma yangu.

Nikamfunika twiga, nikakalia magunia, nikameza tindo. Yaani niliificha, lakini ningeweza kuimeza.

"Inuka, binti, tuone," Constantine akasema.

"Siwezi, mheshimiwa. Tumbo."

"Tumbo lipi?" Guku akashangaa. "Asubuhi umekula michembe ya viazi ya watu wawili ukalamba sufuria!"

"Ndiyo hiyo michembe, Guku. Inalipiza kisasi."

"Inuka, Eufrasia."

Hapo ndipo akili yangu, iliyosomeshwa kwa karo ya pamba, ikanipa shauri la mwisho. Nikaruka juu, nikapiga ukelele:

"Nyoka! Nyoka chini ya magunia!"

Bwenini neno hilo huwatoa wasichana arobaini kwenye bweni kwa dakika moja, wengine kupitia dirishani. Nilijua Constantine angekimbilia gari. Na kweli, alirudi nyuma hatua tano kwa heshima zake zote.

Lakini nilisahau kuhusu Sayi.

Sayi alikuwa kibarua wetu wa pili. Siku nzima alikuwa anachekecha mchanga bila kusema neno. Kumbe ukoo wao ni wa wacheza nyoka, wale ambao wakati wa mavuno hucheza ngoma wakiwa na chatu shingoni. Aliposikia nyoka, uso wake ukachanua kama mtu aliyeitwa chakulani.

"Msimuue!" akasema. "Hata kidogo! Wetu wa ngoma alikufa wakati wa mvua."

"Ameshakimbia!" nikapiga kelele. "Nimemwona anakwenda mtoni!"

"Nyoka hawezi kwenda mtoni akaacha magunia yenye ubaridi," Sayi akasema kwa utaalamu. "Tulieni."

Akapiga magoti. Akainua gunia la kwanza kwa vidole viwili, kwa upole, akiimba kidogo. Akaliweka pembeni. Akainua la pili. La tatu. Sijawahi kuona mtu akifunua kitu kwa mapenzi kiasi hicho.

Gunia la nne lilipotoka, hakukuwa na nyoka. Kulikuwa na tarehe ya Alhamisi, na twiga.

"Hayupo," Sayi akasema, karibu alie.

Constantine alisogea. Akachuchumaa. Akapitisha kidole kwenye shingo ya twiga, kisha kwenye mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kidole kikatafuta wa nne, hakikuuona.

"Mzee, hii ni nini?"

Guku akacheka kwa furaha. "Mheshimiwa unajifanya humjui mtu wa kwenu? Si muhuri wa Bodi yako!"

"Bodi yangu?"

"Yule wa kwenye cheti!"

Constantine akainuka polepole. "Cheti gani, mzee?"

Ndipo nikasikia kengele ya baiskeli. Dastan hakuwa ameahidiwa uji tu. Bibi alimpa na kiazi.

* * *

Guku aliifungua ile khanga mwenyewe, kona baada ya kona, kama anavyofunguliwa mtoto mchanga. Fremu ilikuwa imefutwa ikang'aa. Akamkabidhi Constantine kwa mikono miwili.

Constantine aliangalia twiga wa kwenye fremu, kisha twiga wa kwenye zege. Akafungua faili lake, akaweka ombi pembeni ya cheti, mwandiko wa kujipinda kando ya mwandiko wa kujipinda.

Hata Dastan alifunga mdomo, na hilo lilikuwa halijatokea tangu josho lianze.

"Mzee. Nani alikupa hiki?"

"Ninyi. Kilikuja posta."

"Sisi hatujakupa kitu. Leo ndiyo kwanza nimekuja kuona kama tukupe."

Nilimwona Guku akisikia. Maneno yalimwingia taratibu, kama maji kwenye gunia. Aliitazama fremu. Alimtazama twiga. Kisha macho yake yakashuka mpaka kwenye mguu wangu wa kulia, kwenye ndala, kwenye lile shimo la mraba ambalo panya hajawahi kulitoboa.

Nilisubiri anipige. Ningeshukuru.

Guku akapiga hatua moja, akasimama mbele yangu. Buti lake kubwa lenye saruji likaja kukaa kando ya ndala yangu, likaifunika isionekane.

"Nimekitengeneza mimi," akasema.

"Wewe, mzee?"

"Mimi mwenyewe. Huyu mtoto hajui kitu. Andika hivyo."

Constantine akamnyooshea kalamu. "Andika jina lako hapa. Kama lilivyoandikwa kwenye cheti."

Guku akaishika kalamu kama anavyoshika mwiko. Akaandika BUNDALA. Kila herufi ilisimama peke yake, wima, kama nguzo inayosubiri boriti. Hakuna hata moja iliyocheza ngoma.

Constantine akazitazama muda mrefu. "Mzee," akasema, "uongo wako haujui kusimama kama zege lako."

"Nimesema ni mimi. Nipeleke Maswa nikakae na yule mwenzangu."

Ningeweza kunyamaza. Kunyamaza nilikuwa nimeshazoea, na buti la Guku lilikuwa bado limenikinga. Nilifikiria mahabusu. Nilifikiria masista wakisoma jina langu mbele ya shule nzima.

Nikavua ndala ya kulia. Nikatoa kile kipande mfukoni. Nikakiingiza kwenye shimo la kisigino, kikakaa sawasawa, bila hata upenyo wa unywele.

"Ni mimi, mheshimiwa."

"Si yeye!" Guku akafoka.

"Ni mimi, Guku! Niliandika, nikagonga, nikatia posta!"

"Nyamaza, wewe!"

"Nyamaza wewe, Guku! Hujui hata kuchonga!"

"Unamwambia nani anyamaze? Miaka yote hii nimepiga mbao za zege, nishindwe na ndala?"

"Bosi," Dastan akasema kwa huruma, "beba wote, utachagua mbele ya safari."

Constantine akafunga faili. Uso wake ulikuwa mweupe kwa vumbi la saruji na sikuweza kuusoma.

"Ingieni garini. Wote wawili. Na fremu. Na ndala."

Nikaanza kutembea, mguu mmoja na ndala, mmoja mtupu. Guku akanisimamisha. Akainama kwa taabu, akafungua kamba za mabuti yake, akayaweka mbele yangu.

"Vaa. Mtu haendi kwa wakubwa na mguu mmoja."

Yeye akapanda gari pekupeku.

* * *

Tulikaa kiti cha nyuma. Fremu ilikuwa katikati yetu, twiga akitazama juu. Mabuti ya Guku yalikuwa bado na joto, na ndani yake miguu yangu ilielea kama panzi kwenye debe.

Tulipita mashamba ya pamba, watu wakivuna. Tukakaribia Bariadi.

"Eufrasia," Guku akasema, akitazama dirishani. "Cheti kilikuwa cha uongo tangu mwanzo?"

"Ndiyo, Guku."

"Na ile barua iliyokuja nacho?"

"Na barua."

Akafikiri.

"Na mbuzi?"

"Mbuzi alikuwa wa kweli, Guku."

Akatikisa kichwa. Mikono yake ilikuwa imelala magotini, imepasuka kwa saruji.

"Na zege?" akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo. Sijawahi kumsikia Guku akiniuliza mimi habari za zege.

"Zege ni la kweli, Guku," nikasema. "Nililipiga kwa tindo mara tatu. Halikusikia."

Mbele, kando ya dereva, Constantine alikuwa akitazama barabara. Lakini niliona bega lake likisogea kidogo, kama mtu aliyesikia.

Gari likafika njia panda. Kushoto ni ofisi za wilaya, ambako mafaili huandikwa na kutumwa Bodi. Kulia ni kituo cha polisi. Dereva akasimamisha gari katikati.

"Kushoto au kulia, bosi?"

Fomu ilikuwa mapajani mwa Constantine. Zile alama nzuri za penseli zilikuwepo zote, na ule mstari wa Pendekezo ulikuwa bado mtupu. Penseli ilikuwa mkononi. Akaigeuza ikawa ncha juu, kifutio chini. Akaigeuza tena.

Nyuma yetu lori la pamba likapiga honi.

Guku akaupata mkono wangu, akaubana. Kisha akainama mbele, kichwa chake kikiwa katikati ya viti viwili, akasema kwa adabu, kama anavyosema kila alfajiri kwa vibarua wake:

"Mheshimiwa, zege halilali. Kama ni kumwaga, mwaga leo."

Constantine akageuka akamtazama usoni. Kisha akamwonyesha dereva kwa kidole njia ya kufuata. Ni ipi, msomaji, utaiona wiki ijayo, gazeti lako lisipofungiwa maandazi.